Hata Mnazi Mmoja

Kicheko kilianzia safu za mbele, walikoketi wazee wa mji, kikaenda nyuma safu kwa safu hadi kikafika kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, alikokaa mama yake, Kadii. Phineas alimwona kutoka jukwaani. Kadii alikuwa amejitanda leso mpya, mkoba wa ukili mapajani, na kwa kitambo alikuwa akiwatazama watu huku na huku kama mgeni anayetaka kuulizia njia. Kisha, alipoona kwamba ukumbi mzima unacheka na anayeuchekesha ni mwanawe, naye akainua ncha ya leso, akaziba mdomo, akacheka.

Maneno yaliyowachekesha yalikuwa machache. Phineas alikuwa ameyapanga tangu katikati ya juma na kuyajaribu peke yake katika stoo ya hoteli alikokuwa karani, baina ya magunia ya mchele na makreti ya soda. "Ndugu mwenyekiti," alisema, akanyamaza kidogo kama alivyojifundisha, "mtu anaishi mahali pamoja tangu enzi za babu yake. Nguvu anazo, jembe analo, mvua ya Mungu anaipata. Ukimtembelea leo, jua likakuchoma, ukatafuta pa kujikinga, hana hata mnazi mmoja."

Chama cha Mjadala kilikutana Jumapili alasiri katika ukumbi mdogo nyuma ya soko la Malindi. Walikuja walimu, makarani, wauguzi, wafanyakazi wa hoteli waliopata ruhusa, na wazee wachache wa mji waliopenda kusikia Kiswahili kikisemwa vizuri. Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano. Watu walikuwa bado wanakumbuka foleni za chakula cha msaada, na nani alipanga foleni na nani hakupanga. Huenda ndiyo sababu mwenyekiti, Mwalimu Stambuli, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, alitoa mada ile: kwamba umaskini wa jamii ndogo za pwani ni kosa lao wenyewe. Upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga uliamuliwa kwa kura. Mwalimu Stambuli alivua kofia yake, akatia vijikaratasi ndani, akaipitisha. Phineas akaangukiwa na kuunga mkono.

"Leo utawachuna ngozi watu wa kwenu," rafiki yake wa jikoni hotelini alikuwa amemtania asubuhi ile. "Usisahau kuturudishia ngozi tuwambe ngoma." Phineas alicheka. Mjadala ni mjadala, alimjibu. Mtu husema upande aliopewa, kama mchezaji mpira anavyovaa jezi aliyopewa.

Lakini lile neno la mnazi lilikuwa na jambo ndani yake, na Phineas alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ukumbini. Mashamba mengi kutoka Malindi kwenda bara yalikuwa na wenyewe mjini, na waliokaa juu yake, wakalima, wakazaa na kuzikana humo, waliitwa maskwota. Waliruhusiwa kujenga nyumba ya udongo na makuti, na kulima mahindi, kunde na mihogo. Mti wa kudumu hawakuruhusiwa. Mnazi, mkorosho, mwembe, yote ilikuwa mwiko, kwa kuwa mti ukishashika mizizi ni kama shahidi: aliyeupanda anaweza kudai fidia, na kesho akadai hata ardhi iliyo chini yake. Mtu wa Mtondoni, alikozaliwa Phineas, hakukosa mnazi kwa uvivu. Alikosa kwa kutii.

Kwa hiyo muda wote mpinzani wake alipokuwa akizungumza, Phineas alikaa mikono imebana magoti, akingoja mpinzani aliseme jambo hilo. Mpinzani alikuwa mwalimu kijana kutoka Mambrui, jina lake Tumu, binti wa seremala. Alizungumza juu ya shule zilizo mbali, juu ya visima vya maji ya chumvi, juu ya barabara ambazo mvua ikinyesha hufungwa. Alisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayeamini. Mti hakuugusa. Kwao hawakuwa na shamba wala hawakuwa juu ya shamba la mtu, na pengine hakujua. Lakini wale wazee wa safu ya mbele walijua. Walikuwa wamecheka, na walipomaliza kucheka mmoja wao alijifuta macho akatazama viatu vyake.

Kura zilipopigwa, Phineas alishinda.

Watu walimzunguka, wakamshika mkono. Wa mwisho kufika alikuwa Bwana Msellem, mrefu, kanzu nyeupe na koti la kijivu, harufu ya udi ikimtangulia. Shamba la Mtondoni lilikuwa lake.

"Shikamoo, Bwana Msellem."

"Marahaba. Ahsante sana, kijana. Umenipunguzia kazi."

Phineas aliinamisha kichwa kwa shukrani. Hakuelewa alichoshukuru, wala hakutaka kuelewa kwa haraka. Alijua kwamba wazee wa Mtondoni, baba yake mzee Katana akiwa kati yao, walikuwa wamekwenda kwa Bwana Msellem kabla ya Ramadhani kumwomba ruhusa ya kupanda mikorosho na minazi, kwa makubaliano kwamba nusu ya mavuno itakuwa yake. Aliwaahidi jibu baada ya Idi. Phineas alipomwona safu ya mbele siku ile, alijiambia kwamba ni jambo jema. Mwenye shamba ataona kwamba hata Mtondoni hutoka mtu anayeweza kusimama mbele ya watu akasikilizwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kwa muda wa hotuba yake ilitosha.

Kadii alilala nyumbani kwa mwanawe usiku ule, kisha akarudi Mtondoni asubuhi na mapema. Alikuwa amekuja mjini kuonyesha macho hospitali, na Jedida, mkewe Phineas, ndiye aliyempeleka ukumbini akaone jinsi mumewe anavyopendwa. Wakati wa kula mama hakuzungumzia mjadala. Aliuliza swali moja tu.

"Yule bwana wa koti aliyekushika mkono ndiye mwenyewe?"

"Ndiye, mama."

"Alikuwa amefurahi," alisema Kadii, akaendelea kumega sima.

Alipokwisha kuondoka, Jedida alikuwa uani akiosha vyombo. Alisema bila kuinua kichwa kwamba mama alielewa kila neno. Phineas akamkumbusha kwamba ilikuwa kura. Angeangukiwa na upande wa pili, angesema ya upande wa pili, na pengine angeyasema vizuri zaidi.

"Kura ilikupa upande," alisema Jedida. "Mnazi uliutoa wapi?"

Phineas alichukua baiskeli, akaenda kazini kabla ya saa.

Idi ilipita. Jumapili iliyofuata hapakuwa na mjadala, na Phineas akaenda Mtondoni na kilo ya sukari na majani ya chai. Kwao walimwita Fondo, jina la babu yake. La Phineas alipewa shuleni na likabaki mjini. Alipoegesha baiskeli penye ua, baba yake alikuwa mbele ya nyumba akichonga mpini. Mzee Katana alisimama. Aliingia ndani, akatoka na kiti, kile kimoja chenye egemeo, akakipangusa kwa kiganja na kukiweka kivulini.

"Karibu, keti," alisema.

Phineas alisema ataketi pale pale juu ya gogo, kama siku zote. Baba akasema hapana, gogo litamchafulia suruali. Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Ilikuwa sauti aliyoitumia kwa watu wa serikali waliokuja kuhesabu mifugo.

Kuku alichinjwa. Phineas alimsikia akichinjwa na hakujua la kufanya na mikono yake. Chakula kilipotoka kilikuwa wali, wali wa kununuliwa dukani, umepakuliwa katika sahani ya udongo yenye maua ambayo mama aliihifadhi sandukuni. Wao wawili walikula sima na mboga chungu ya mtsunga pembeni. Alipoomba apewe sima, Kadii alitabasamu kwa upole, akasema sima ya leo ni ya unga mbaya, haimfai mtu wa mjini. Hapo ndipo Phineas alipohisi uso wake ukiwaka, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu ambao, kwa adabu, wameamua kutomtazama.

Habari yenyewe aliipata alipoiuliza. Baba alimweleza taratibu, akiendelea kuuchonga mpini. Msimamizi wa shamba alikuwa amekuja siku ya tatu ya Idi. Bwana Msellem anawasalimu, anawashukuru kwa subira yao, na jibu lake ni hapana. Wazee walipotaka kujua sababu, msimamizi alisema sababu mwenyewe ameisikia mjini kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa kijana wao wenyewe, aliyesoma: kwamba hata wapewe ardhi na mvua, hao hawapandi mti. Basi ruhusa ya nini?

"Wazee wengine walisema nini?" aliuliza Phineas.

"Waliniuliza kama ni kweli ulisema. Nikawaambia sikuwapo."

"Mama alikuwapo."

"Mama yako," alisema mzee Katana, "aliwaambia hakusikia vizuri, alikaa mbali."

Akiwa njiani kurudi mjini, Phineas aliteremka kwenye baiskeli na kuikokota, ingawa njia ilikuwa tambarare. Kulikuwa na jambo alilokuwa amelifukia kwa miaka mingi, si kwa kulisahau bali kwa kutolipa nafasi, na sasa lilitoka lote.

Alikuwa mtoto wa kuvaa kaptura moja. Baba yake alikuwa ameotesha nazi nyuma ya nyumba, na mvua za masika zilipokolea akazihamisha, akazipanga mstari kando ya mahindi. Miche ilikuwa imefika magoti ya mtoto. Siku moja kijana wa mjini alikuja kwa baiskeli, pindo la kanzu amelichomeka kiunoni lisipate tope. Aliamkia kwa heshima. Hakukubali kuketi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee Katana anajua kanuni, na kwamba hapendi kutuma mtu aje avunje heshima ya nyumba yake. Afadhali aing'oe yeye mwenyewe. Akasubiri, ameegemea baiskeli. Baba akaenda kwenye mstari akaanza upande mmoja, akang'oa hadi upande wa pili, kila mche na nazi yake chini ikining'inia mizizi. Kijana aliaga, akaondoka. Kijana huyo alikuwa Msellem, ambaye siku zile alikuwa ameanza kumsaidia baba yake kuangalia mashamba.

Na halafu, kwa kuwa ni haramu kutupa chakula, mama alizipasua nazi zile, na ndani yake mlikuwa na joya, lile donge jeupe, laini kama sifongo na tamu, linaloota ndani ya nazi ikichipua. Kwa kawaida mtoto hupata joya moja kwa bahati. Siku ile yalikuwa mengi. Fondo alikula hadi tumbo likawa gumu. Alikimbia kuwaita watoto wa jirani, nao wakala. Alikuwa na furaha. Hata leo, mtu mzima, akiikumbuka siku ile, kitu cha kwanza kinachomjia mdomoni ni utamu.

Phineas alikwenda kwa Bwana Msellem katikati ya juma, baada ya sala ya alasiri. Alikaribishwa barazani, akaletewa kahawa na kipande cha halua. Walizungumza juu ya afya na juu ya joto. Kisha Phineas, akipanga maneno kwa uangalifu uleule aliozoea kuutumia jukwaani, alisema kwamba aliyoyasema ukumbini yalikuwa ya mjadala. Watu wa Mtondoni wanataka kupanda. Wamekuwa wakitaka siku zote.

Bwana Msellem alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ardhi ile si yake peke yake. Ana dada wanne na watoto wa ndugu yake marehemu, na kila mmoja anamwangalia yeye. Jirani yake aliruhusu miembe kwa huruma, na leo hawezi kuuza hata kipande, kila anapogeuka anakuta mti na mwenye mti. "Sisi nasi tunaogopa," alisema. "Hamlijui hilo. Mnadhani mwenye shamba haogopi."

"Naelewa, bwana."

"Halafu wewe. Juzi umesema lile, leo unasema hili. Nishike lipi?"

"La leo."

"La juzi ulilisema mbele ya mji mzima," alisema Bwana Msellem, akikizungusha kikombe kidogo cha kahawa. "La leo unaniambia mimi peke yangu, barazani kwangu, nyuma ya halua yangu. Dada zangu wakiniuliza, niwaambie nini?"

Phineas alijikuta akitaja ile miche ya zamani, kwamba baba yake aliwahi kupanda na akaambiwa ang'oe.

"Hayo yalikuwa ya zama za marehemu baba," alisema Bwana Msellem. "Mungu amrehemu. Mimi mambo hayo siyajui."

Alisema hivyo bila kukwepesha macho. Labda alikuwa amesahau kweli. Siku moja ya tope katika siku nyingi, mstari mmoja wa miche katika mistari mingi. Phineas alimtazama, akaiona ile baiskeli na lile pindo la kanzu. Akafungua mdomo.

"Naam," alisema. "Huenda."

Akamalizia kahawa yake. Alipokuwa akivaa viatu kwenye ngazi alijua kwamba hili la pili ni zito kuliko la kwanza, maana hapa hapakuwa na kura.

Nyumba ya Mwalimu Stambuli ilikuwa mtaa wa pili kutoka pale. Phineas alimkuta akimwagilia mirihani, akamwomba nafasi ya kusema Jumapili. Mwalimu alimkumbusha kanuni: mada iliyokwisha kuamuliwa haifufuliwi. Jumapili hii watajadili kama watalii wameleta heri au shari. Aliyasema haya kwa ufasaha wake wote, kisha akatua mtungi, akabaki ameinama.

"Nilikaa pale na kengele yangu," alisema. "Ulipoutaja mnazi nilijua, kama ulivyojua wewe. Sisi nasi tuna kishamba kule upande wa Gongoni."

"Mbona hukusema, mwalimu?"

"Mwenyekiti hasemi. Kazi yake ni kengele." Akanyoosha mgongo pole pole. "Hivyo ndivyo nilivyojiambia nilipofika nyumbani. Njoo Jumapili. Kabla ya mada kuna kipengele cha taarifa za wajumbe. Hakuna anayekitumia ila wanaopoteza funguo."

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko kawaida, kwa kuwa mada ya watalii ilikuwa tamu na kila mtu alikuwa na lake. Bwana Msellem alikuwa safu ya mbele. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, Jedida alikuwa ameketi na mzee Katana. Phineas hakumwalika baba yake. Jedida ndiye aliyekwenda Mtondoni Jumamosi, na alichomwambia mzee, Phineas hakukijua. Mzee alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni, mikono juu ya fimbo.

Mwalimu Stambuli aligonga kengele, akauliza kama kuna mjumbe mwenye taarifa. Phineas akasimama. Tayari baadhi ya watu walikuwa wanatabasamu. Walimjua, wakaanza kujiandaa.

Hakuwa amepanga maneno. Alisema kwamba alipokuja mara ya mwisho aliwaambia kuhusu mtu asiyekuwa na hata mnazi mmoja. Mtu yule ni baba yake. Baba yake alipanda minazi, mstari mzima, akaambiwa aing'oe, akaing'oa kwa mkono wake.

"Na sisi watoto tulipewa joya," alisema. "Tulikula joya hadi tukalala chali."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walidhani hapo ndipo penyewe, kwamba alikuwa anawaleta taratibu kwenye jambo la kuchekesha kama kawaida yake, na joya jingi ni jambo la kuchekesha. Kijana mmoja alipiga paja. Phineas alingoja. Kicheko kilipopungua alisema tena, kwa sauti ileile, kwamba baba yake aling'oa miche yake mwenyewe na yeye alifurahi kwa sababu ya joya, na kwamba Jumapili ile aliyajua yote haya na bado alisimama akawachekesha. Safari hii walicheka wachache. Halafu akacheka mmoja, akageuka kuwatazama wenzake, akaacha.

Tumu, aliyekuwa safu ya pili, alikuwa amemkazia macho. "Tungeyajua haya siku ile," alisema, si kwa sauti ya kumlaumu.

Hapo Bwana Msellem alisimama. Aliomba radhi kwa mwenyekiti, akasema ana swali moja, kama inaruhusiwa. Mwalimu Stambuli aliitikia kwa kichwa.

"Nani aliyemwambia baba yako ang'oe?"

Aliuliza kwa upole, na Phineas alielewa kwamba upole ule ulikuwa mlango uliofunguliwa. Angeweza kusema ni msimamizi wa zamani, aliyekwisha kufa na asiyekuwa na mtoto mjini. Angeweza kusema ni marehemu. Bwana Msellem angetikisa kichwa kwa masikitiko, angesema mbele ya mji mzima kwamba zama zile zimepita, na pengine papo hapo, moyo ukiwa umelainika na watu wakimtazama, angetoa ile ruhusa. Mikorosho ingepandwa msimu huu. Wazee wa Mtondoni wangemrudishia jina lake. Lilihitajika jina moja tu la mtu asiyekuwapo.

Alitazama nyuma, kwenye benchi la mwisho. Alitaka ishara, hata ya jicho. Mzee Katana alikuwa ametazama sakafu, pale fimbo yake ilipogusa saruji, na ishara hakutoa.

"Ni wewe, Bwana Msellem," alisema Phineas. "Ulikuja kwa baiskeli. Ulimwamkia baba kwa heshima."

Sauti za soko zikaingia ukumbini, mtu akinadi nyanya, redio ya kinyozi. Bwana Msellem alibaki amesimama. Mkono wake wa kulia ulirudi nyuma kukitafuta kiti, ukapapasa hewa, ukapapasa tena. Tumu akainuka na kukisogeza hadi kikamgusa, lakini hakuketi. Phineas naye hakuketi. Alijua kwamba yamkini ameikata ile ruhusa kwa ulimi wake kwa mara ya pili, na kwamba safari hii hana pa kusingizia. Aibu haikumwondoka. Ilikuwa imekaa palepale kifuani, ila sasa alikuwa ameishika kwa mikono yake mwenyewe.

Kule nyuma benchi lililia. Mzee Katana alikuwa anasimama, akijiegemeza kwenye fimbo, kofia amekwisha kuivua. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Bwana Msellem, juu ya vichwa vya watu, kama mtu anayemtazama jirani yake ng'ambo ya uwanja.

"Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule," alisema. "Miche ingeshika yote."

Mwalimu Stambuli alikuwa na mkono juu ya kengele. Hakuigonga.